Juu ya Nasibu, na Mashine Iipimayo

Mtu wa Kisiwa Panza akitaka kujua bamvua litakuwa lini, hana haja ya kumwuliza mtu, atazama mwezi. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, maji hujaa sana na kupwa sana. Katikati yake huja maji mafu. Baba zake waliijua hesabu hii, na vitabu vya mabaharia vyaiandika mwaka mzima kabla haujafika, saa kwa saa, wala havikosi ila kidogo. Lakini mtu yule yule ukimwuliza upepo utakuwaje alasiri ya Jumatano ijayo katika mkondo wa kuvukia Chokocho, atakuambia, Mungu ndiye ajuaye. Bahari ni moja, na mtu ni mmoja. Jambo moja alijua kwa hesabu, na la pili twaliita nasibu.

Twataka kuuliza katika kurasa hizi nasibu hiyo ni kitu gani, kama yaweza kupimwa, na mtu akiisha kuipima amejitwika mzigo gani. Twauliza sasa kwa sababu wataalamu wanaunda kompyuta za namna mpya, ziitwazo kompyuta za kwantamu, na katika kazi wanazozitumainia imo hii ya kufuatisha mambo yaendayo kwa nasibu, kama vile bei za sokoni, maradhi yaeneavyo, na chembe zitawanyikavyo majini. Umoja wa Mataifa waliutangaza mwaka 2025 kuwa mwaka wa elimu ya kwantamu kwa ulimwengu wote, na kwa hiyo habari zake zimefika hata vijijini. Wako Wakristo wenzetu wasemao ya kuwa hii ni ramli iliyovikwa chuma, na ya kuwa aaminiye hana ruhusa kuigusa. Neno hili si la kuchekwa. Pemba yasifiwa ng'ambo kwa karafuu zake, lakini yasifiwa pia kwa waganga wake, na watu wametoka mbali kuja kuulizia mambo yao yajayo. Anayeogopa ramli mahali kama hapa ana sababu.

Na tuanze na nasibu yenyewe, jinsi ilivyotupata sisi wa visiwa hivi. Tarehe 15 Aprili 1872 tufani iliipiga Unguja, ikang'oa mikarafuu na minazi, ikavunja vyombo bandarini. Pemba haikupata madhara makubwa, ingawa bahari iliyo kati ya visiwa viwili si pana. Tangu mwaka ule Pemba ikawa ndiyo shamba kubwa la karafuu. Mtu aweza kusema basi Pemba ilibarikiwa na Unguja ikaadhibiwa. Lakini tazameni yaliyofuata. Karafuu zataka mikono mingi ya kuchuma, na mikono ile ilikuwa ya watumwa. Mwaka 1873 Sultani Barghash alitia sahihi mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa kwa njia ya bahari, na soko la Unguja likafungwa. Lakini majahazi yaliendelea kuwaleta watumwa Pemba kwa siri, wala utumwa haukupoteza uhalali wake hapa hata mwaka 1897. Upepo ulioipita mikarafuu ya mabwana wa Pemba ulileta minyororo kwa watoto wa bara ambao hawajapata kuiona karafuu. Ilikuwa bahati ya nani?

Bwana wetu alisema neno lililo karibu na hili, habari za mnara wa Siloamu ulioanguka ukaua watu kumi na wanane. Hakukubali kwamba wale walikuwa wakosaji kuliko wenzao. Kwa hiyo sisi hatuna ruhusa ya kuusoma upepo kama hukumu juu ya jirani zetu. Lakini hakutuambia tusichunguze jinsi minara ianguavyo.

Sasa mtu aipimaje nasibu? Tandika mkeka ulio mraba, uchore ndani yake duara liguse pande zote nne, nawe wataka kujua duara limechukua sehemu gani ya mkeka. Twaa punje za mchele, uzimwage pasipo kulenga, zitawanyike sawasawa kila mahali, kisha hesabu zilizo ndani ya duara. Katika punje 100 yapasa ziwe 78 au 79, lakini huenda ukapata 74, na ukirudia ukapata 82. Ukimwaga punje 10,000 utakuwa karibu zaidi na kweli. Mara nyingi utapata kati ya 7,800 na 7,900. Hapo pana ajabu inayostahili kufikiriwa. Hakuna punje hata moja iliyojua kitu juu ya duara. Kila moja ilianguka kwa nasibu, na nasibu nyingi zikikusanywa zimetoa kipimo.

Njia hii ilipata nguvu mwaka 1946 kwa Stanislaw Ulam, mwana hesabu mzaliwa wa Lwów aliyekuwa akifanya kazi Marekani. Aliugua, na katika kupata nafuu akacheza karata peke yake, akajiuliza ni mara ngapi katika mia mchezo ule hutimia. Aliposhindwa kupata jibu kwa hesabu ya kawaida akaona ni afadhali kuucheza mara nyingi na kuhesabu. Njia ikaitwa Monte Carlo, kwa jina la mahali pa kamari penye sifa. Haifai kuficha ya kuwa kazi zake za mwanzo zilikuwa za silaha za atomu. Vitu vingi vyema vina wazazi wa namna hiyo.

Na upepo wapimwa vivyo hivyo. Edward Lorenz, mtaalamu wa hewa wa Marekani, aliona mwaka 1961 ya kuwa kompyuta yake, akiipa tarakimu 0.506 badala ya 0.506127, mwanzoni ilifuata njia ile ile, kisha ikaiacha kabisa hata hali ya hewa ya hesabu ya pili haikufanana na ya kwanza. Tofauti ya mwanzo ni ndogo kuliko pumzi ya mtoto, na mwisho wake ni jua mahali pa mvua. Kwa kuwa hakuna awezaye kupima hewa yote ya dunia pasipo kosa, kutabiri njia moja tu ni kujidanganya. Basi tangu mwaka 1992 kituo cha nchi za Ulaya chenye makao yake Reading, Uingereza, hakitoi utabiri mmoja peke yake. Hesabu hurudiwa mara nyingi, siku hizi mara 51, kila mara kwa mwanzo uliogeuzwa kidogo. Ikiwa katika njia 51 njia 40 zaileta tufani pwani, watu hujulishwa hivyo. Ni punje za mchele juu ya mkeka, ila mkeka ni Bahari ya Hindi. Mwezi wa Mei 2024, tufani iliyoitwa Hidaya ilipoijia pwani yetu upande wa Mafia, Mamlaka ya Hali ya Hewa ya Tanzania ilitoa onyo mapema, na vyombo vya abiria kati ya Dar es Salaam na Unguja vikazuiliwa.

Kasoro ya njia hii ni gharama yake. Ukitaka kosa lako lipungue mara kumi, huna budi kumwaga punje mara mia. Ukitaka lipungue mara mia, umwage mara elfu kumi. Mwenye mchele mchache atabaki na makosa makubwa, na hata kompyuta kubwa za leo, katika mambo ya namna hii, ni maskini wa mchele. Hapo ndipo wataalamu wa kwantamu wasemapo neno lao, nalo tutajaribu kulieleza kwa kadiri ya uwezo wetu, maana wengi wamelieleza kama uchawi na hivyo wamelidhulumu.

Wimbi likikuta mwamba hugawanyika, likauzunguka kwa pande mbili, na nyuma ya mwamba pande zile hukutana. Mahali pengine mgongo hukuta mgongo, na maji hupanda juu zaidi. Mahali pengine mgongo hukuta bonde, na maji hutulia kana kwamba hapakuwa na wimbi. Kila mvuvi ameliona jambo hili. Punje za mchele haziwezi kufanya hivyo. Punje mbili ni mbili siku zote, wala moja haiifuti nyingine. Sasa, elimu ya kwantamu imegundua ya kuwa vitu vidogo kabisa, elektroni na chembe za nuru, vyaendeshwa na kitu mfano wa wimbi. Max Born wa Ujerumani alionyesha mwaka 1926 ya kuwa nasibu ya kuiona chembe mahali fulani hupatikana kwa kukizidisha kimo cha wimbi lile kwa chenyewe. Kimo kikiwa mara mbili, nasibu ni mara nne. Kikiwa mara kumi, nasibu ni mara mia.

Fikirini habari hiyo kidogo, maana siri yote imo humo. Kompyuta ya kawaida huongeza punje kwa punje, na nasibu ya kupata jibu hukua polepole. Kompyuta ya kwantamu hukiongeza kimo cha wimbi hatua kwa hatua, ikiyapanga mawimbi ya majibu yasiyotakiwa yafutane, na ya jibu litakiwalo yapandane. Na kwa hatua kumi za kimo imepata mara mia za nasibu. Ashley Montanaro, wa Chuo Kikuu cha Bristol, alithibitisha kwa hesabu mwaka 2015 ya kuwa karibu kazi zote za njia ya Monte Carlo zaweza kufupishwa hivi. Palipotakiwa punje milioni, zatosha hatua kama elfu hivi.

Na liko neno la pili, lisilosemwa mara nyingi, nasi twaliona zuri kuliko la kwanza. Mtu afuatishaye jambo la nasibu hana budi kukumbuka yaliyopita, kwa kuwa yajayo yategemea yaliyopita. Nahodha akumbuka ya kuwa kusi limevuma siku tatu, au ya kuwa limevuma siku nne. Siku hizo ni mbili mbalimbali, na kompyuta ya kawaida huziandika mahali pawili mbalimbali, ingawa mambo yatakayofuata siku tatu na yatakayofuata siku nne yakaribia kuwa sawa. Mwaka 2012 Mile Gu na wenzake walionyesha ya kuwa kumbukumbu ya kwantamu yaweza kuzilaza kumbukumbu mbili kama hizo zipandane kwa sehemu, kwa kadiri matokeo yao yanavyofanana, na hivyo yachukua nafasi ndogo kuliko kumbukumbu yo yote ya kawaida iwezavyo. Mwaka 2017 jambo hili lilijaribiwa Australia kwa chembe za nuru, likaonekana kweli. Maana yake ni kwamba mambo mengine ya nasibu, tuliyodhani ni magumu kuyafuata, ugumu wake ulikuwa wa daftari letu, haukuwa wa mambo yenyewe.

Richard Feynman aliyasema mapema mambo kama haya, mwaka 1981, alipowaambia wenzake ya kuwa maumbile hayafuati hesabu za namna ya zamani, na atakaye kuyaiga kwa mashine na aunde mashine itiiyo sheria zile zile.

Lakini mwandishi wa mambo mapya ana dhambi moja inayomvizia siku zote, nayo ni kuuza dagaa angali baharini. Kompyuta hizi bado ni dhaifu. Sehemu zake ziitwazo kubiti huharibiwa na joto dogo kabisa, na nyingi katika hizo hazina budi kuwekwa katika baridi iliyo karibu na baridi ya mwisho iwezekanayo. Mwezi wa Desemba 2024 Google walitangaza mashine yao iitwayo Willow, yenye kubiti 105, wakaonyesha ya kuwa kubiti zikiongezwa kwa mpango makosa yaweza kupungua badala ya kuzidi. Ni hatua njema, lakini faida tuliyoieleza yataka kubiti nyingi kupita hizo, tena zenye kusahihishwa makosa. Na kuijaza mashine habari za mwanzo, kama hali ya hewa ya bahari nzima, ni kazi ambayo yaweza kuila faida yote. Utabiri wa pepo tuusikiao katika redio haujafanywa kwa kompyuta ya kwantamu. Tena twaona ya kuwa katika watu wa mbele wanaoigharimia kazi hii ni mabenki, watakao kujua hasara za fedha zao kabla hazijafika; mvuvi atapata zamu yake baadaye, kama kawaida.

Basi, ni ramli? Tuseme kwanza ya kuwa lugha yetu yenyewe imechanganya mambo haya. Bao ni mchezo usio na nasibu hata kidogo. Kete zote zi wazi, na ashindaye ameshinda kwa akili. Lakini kupiga bao ni kupiga ramli. Neno moja limebeba hesabu safi na kinyume chake.

Mpiga ramli amwambia mtu, Safari hii si njema. Mtu akienda akazama, ramli ilisema kweli. Akienda akarudi salama, ni kwa sababu ya kafara aliyotoa au hirizi aliyovaa. Asipokwenda, hakuna ajuaye lo lote. Kwa kila njia ramli imeshinda, na neno lisiloweza kushindwa kwa njia yo yote halikutuambia kitu. Mtabiri wa hewa, akisema ya kuwa kesho mvua ina sehemu tatu katika kumi, naye pia aonekana kama amejificha, maana ikinyesha atasema alisema, na isiponyesha atasema alisema. Hapo ndipo watu wengi wamdharaupo. Lakini yeye aweza kukamatwa. Zikusanyeni siku zote alizosema tatu katika kumi, ziwe 200. Ikiwa mvua imenyesha katika siku 60 hivi, mtu huyu ni mkweli. Ikiwa imenyesha katika siku 120, ni mwongo au ni mjinga, na daftari limemshuhudia. Neno lake halihukumiwi kwa siku moja. Lahukumiwa kwa msimu. Hii ndiyo tofauti, na kwetu yatosha. Ramli huficha makosa yake, na kipimo cha nasibu hakiwezi kuwa kipimo pasipo kuyaandika.

Wako wanaotoka upande mwingine wakasema ya kuwa kwa Mungu hakuna nasibu, na aipimaye nasibu apima kitu kisichokuwapo. Neno hili lina uzito. Zamani lilikuwa rahisi kujibiwa: sarafu irushwayo juu haina nasibu, ina sisi tusiojua nguvu ya kidole. Einstein alitaka hata kwantamu iwe hivyo, yaani kuwe na sababu iliyofichwa ndani ya chembe. Lakini John Bell, mzaliwa wa Belfast, alionyesha mwaka 1964 njia ya kuijaribu hoja hiyo kwa vipimo, na waliopima, miongoni mwao Alain Aspect, John Clauser na Anton Zeilinger, waliopewa tuzo ya Nobel mwaka 2022, waliona ya kuwa sababu zilizofichwa za namna ile aliyoitaka Einstein hazipatani na vipimo. Wako watu wenye elimu wasemao ya kuwa nasibu ya kweli imo katika msingi wa viumbe. Wako wengine wazielezao hesabu zile zile kwa njia nyingine, na ugomvi wao haujakwisha. Sisi hatuoni ya kuwa imani yetu yasimama au kuanguka kwa ugomvi huo. Mitume walipiga kura kumpata Mathiya, nao hawakudhani kuwa kura ikianguka imeanguka nje ya mkono wa Mungu. Aliyeumba bahari iendayo kwa mwezi aweza kuumba na upepo usioenda kwa mwezi.

Lakini itazameni vema kura ile. Mitume hawakuwaweka watu wote 120 mbele ya kura. Walitafuta kwanza wale waliofuatana na Bwana tangu ubatizo wa Yohana, wakawapata wawili wanaofaa, wakaomba, ndipo wakapiga kura. Na wale mabaharia waliompakia Yona, ambao hawakumjua Mungu wa Israeli, tufani ilipowapata walitupa kwanza shehena baharini ili chombo kiwe chepesi. Kura ilikuja baadaye. Na hata kura ilipokwisha kumwangukia Yona, na yeye mwenyewe akawaambia wamtupe, walivuta makasia kwa nguvu wajaribu kufika pwani. Twawastahi sana watu wale. Waliiachia nasibu kile tu kilichobaki baada ya mikono yao kuchoka.

Yatulazimu kusema sasa neno chungu. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 meli MV Spice Islander I, iliyokuwa ikitoka Unguja kuja Pemba, ilizama karibu na Nungwi. Miili zaidi ya 200 iliopolewa, na waliopotea walikuwa wengi kupita hao. Pemba nzima ilivaa msiba. Siku zile kila mahali lilisikika neno tulilolirithi, ya kuwa ajali haina kinga. Twaelewa kwa nini watu husema hivyo. Aliyefiwa na mke na watoto kwa usiku mmoja hawezi kufarijiwa kwa hesabu, wala si wakati wake. Lakini meli ile ilikuwa imepakia watu wengi kupita kiasi kilichoandikwa katika cheti chake. Shehena haikutupwa, iliongezwa. Mawimbi ya Nungwi ni nasibu. Idadi ya watu wapandao ngazi si nasibu, yahesabiwa mmoja mmoja kwa kidole. Kuviweka vitu viwili hivi katika neno moja la ajali ni kumtwika Mungu kazi ya karani wa bandarini.

Kwa hiyo hatuogopi mashine hii kwa sababu ile waiogopayo wenzetu. Ikiwa tunaiogopa, ni kwa sababu nyingine. Nahodha asiyejua kitu juu ya upepo wa kesho akipoteza chombo, twamlilia. Nahodha aliyeambiwa ya kuwa katika njia 51 njia 35 zina dhoruba, akasafiri kwa ajili ya nauli, akapoteza chombo, huyo twamwulizaje? Paulo aliwaonya wale waliokuwa wakimpeleka Rumi, na akida akamsikiliza zaidi mwenye merikebu, hata wakavunjikiwa Melita. Kila tarakimu mpya tuletewayo yaondoa sehemu ya udhuru wetu. Zamani tuliweza kusema hatukujua. Vipimo vikizidi kuwa vyepesi na vikafika kila kijiji, neno lile litabaki na watu wachache sana.

Wala tarakimu haitoi amri. Mama wa Kisiwa Panza amepata uchungu usiku katikati ya kusi, na mtoto amekaa vibaya. Boti ipo Chokocho, ng'ambo. Mashine yasema kuvuka kuna hatari moja katika ishirini. Mkunga asema kungoja asubuhi kuna hatari kubwa kuliko hiyo, ila hawezi kuitaja kwa tarakimu. Mume, mwenye chombo na mkunga wasimama pwani na taa. Hakuna kompyuta, ya zamani wala ya kwantamu, iwezayo kusema moja katika ishirini ni nyingi au ni chache. Hilo ni neno la watu wale watatu na mama mwenyewe, na kwa maoni yetu mama ndiye wa kwanza kuulizwa, jambo ambalo pwani zetu husahau.

Tena liko jambo dogo, nalo ndilo twalipenda wasomaji walishike. Kituo kile cha Reading huigawa dunia katika miraba, na tangu mwaka 2023 miraba ya zile hesabu zake 51 ina upana wa kilomita 9 hivi. Mkondo wa kuvukia kisiwani ni mwembamba kuliko mraba huo. Maana yake mashine, hata ikisema kweli juu ya bahari nzima, haiuoni mkondo. Haijui ya kuwa matlai ikigeuka ghafula maji hupanda mahali fulani na si pengine. Wanaojua ni manahodha, na ujuzi wao umo vichwani mwao. Mwalimu wa kijiji cho chote cha pwani aweza kuanza kesho kwa daftari la senti chache: tarehe, upepo wa asubuhi na wa alasiri, redio ilisema nini, vyombo vilivuka au havikuvuka, na vilivyovuka vilionaje. Asiandike siku za hatari peke yake, maana hiyo ndiyo njia ya wapiga ramli. Aandike na siku tupu, zile ambazo halikutokea neno. Msomaji aliye na daftari la namna hiyo, hata likiwa la msimu mmoja, tungependa atuletee nakala yake, na majedwali tutayachapa katika kurasa hizi kabla ya kusi kuanza.